Kigugumizi cha mtu mzima: kipi kinashindika, kipi kinabaki

Neno gumu kuliko yote kwa mtu mwenye kigugumizi ni jina lake mwenyewe. Maneno mengine yana ndugu zao: ukiona "barabara" inakataa, utasema "njia", "samaki" akigoma, utasema "kitoweo". Jina halina ndugu. Ndiyo maana wengi wetu tukiulizwa jina kwenye dirisha la benki au kwa wakala wa pesa za simu tunasogeza kitambulisho kimyakimya, na anayetuhudumia anadhani tuna haraka au tuna dharau. Mimi nimesogeza kitambulisho kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kwangu hapa Mwanza, neno la pili kwa ugumu lilikuwa "shusha". Umepanda daladala mjini, unashukia Mabatini, gari limejaa, muziki uko juu, konda ananing'inia mlangoni akiita abiria wa Igoma. Una sekunde mbili tu. Neno likikwama kwa sekunde tano, Mabatini imeshapita. Nimerudi kwa miguu kutoka Buzuruga mara nyingi, na sikuwahi kumwambia mtu nyumbani kwa nini nimechelewa.

La tatu ni "shikamoo", na hili ndilo lililoniumiza zaidi. Salamu hii ina wakati wake. Mzee anapokuja mbele yako una hatua tatu nne za kuitoa. Ukichelewa, umekosa adabu. Mtoto mwenye kigugumizi anamwona mzee tangu yuko mbali, koo linaanza kukaza, na mzee anapofika mtoto anainamisha kichwa au anavuka upande wa pili. Kwa mzee yule, huyo ni mtoto jeuri asiyefunzwa kwao. Nimechapwa kwa ajili ya shikamoo zilizokuwa tayari mdomoni.

Sasa nina miaka 41. Nilianza kushughulikia kigugumizi changu nikiwa na miaka 34, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba miaka yote nilikuwa napigana na adui asiye yeye. Nilikuwa nimechanganya vitu viwili, kama wanavyochanganya karibu watu wote wanaotupa ushauri: kigugumizi chenyewe, na hofu ya kigugumizi. Vinaishi nyumba moja, lakini havikuzaliwa na mama mmoja.

Fundo haliko kwenye ulimi

Waislamu wanaijua dua ya Nabii Musa katika Sura Twaha, anapomwomba Mola afungue fundo lililo katika ulimi wake ili watu wapate kufahamu kauli yake. Wakristo wanakutana na Musa huyohuyo katika Kutoka 4:10, akijitetea kwamba ulimi wake ni mzito. Si ajabu basi kwamba kwa karne nyingi watu wameitafuta kasoro mdomoni. Mwaka 1841 daktari mmoja wa upasuaji wa Prussia, Johann Friedrich Dieffenbach, alikuwa akikata kipande cha ulimi wa wagonjwa wake akiamini kwamba kigugumizi kitaondoka nacho, tena kabla dawa za usingizi hazijaanza kutumika katika upasuaji. Kwetu sisi, bibi yangu alitaka nikatwe kimeo. Mama alikataa, na ninamshukuru hadi leo, kwa sababu kimeo hakihusiki kabisa na jambo hili, wala ule utando ulio chini ya ulimi.

Mwenye kigugumizi ana ulimi mzima na koo zima. Ushahidi anao kila mtu aliyeishi nasi. Nikiwa peke yangu chumbani naongea bila kukwama. Nikiongea na mbuzi, nikinong'ona, nikiimba na kwaya, nikisali kwa sauti moja na waumini wenzangu, maneno yanatiririka. Ulimi wenye kasoro usingepona Jumapili asubuhi na kuugua tena saa sita mchana, mtu akisimama kutoa tangazo.

Kasoro iko katika kupanga muda. Ili utamke neno moja, misuli ya kifua, koo, taya, ulimi na midomo inatakiwa kuingia kazini kwa zamu, kila mmoja katika kipande chake cha sekunde. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba kwa watu wenye kigugumizi, nyuzi za neva katika nusu ya kushoto, zile zinazounganisha sehemu ya kusikia na kupanga usemi na sehemu ya kuendesha mdomo, zimejengeka kwa namna tofauti kidogo. Viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo, ambavyo kazi yake ni kutoa ishara ya kuanza kitendo, navyo vinahusika. Kwa hiyo mtu analijua neno, analiona herufi kwa herufi, lakini ishara ya kuanza haifiki kwa wakati. Linalotokea hapo lina sura tatu. Kuna kurudiarudia: "ni-ni-ni-nataka". Kuna kuvuta: "sssssamaki". Na kuna kukwama kabisa, mdomo umekaa tayari na hakuna sauti. Hii ya tatu ndiyo inayochosha kuliko zote, na ndiyo ambayo watu hawaifahamu, kwa sababu wanachoona wao ni kimya tu, wakadhani umesahau ulichotaka kusema.

Mvuvi atalielewa jambo la muda upesi kuliko mtu yeyote. Wapiga kasia wakiwa kila mmoja na mawazo yake, makasia yanagongana na mtumbwi unayumba. Mmoja akianzisha wimbo, mikono inakubaliana. Wimbo ni saa iliyo nje ya vichwa vyao. Watafiti wengi wanaona kwamba ndivyo kuimba kunavyotusaidia: mdundo, au sauti ya mwenzako anayesoma pamoja nawe, unaupa ubongo ile ishara ya kuanza inayochelewa ndani. Tatizo ni kwamba maisha hayaimbwi. Huwezi kwenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba ukaimba bei ya dagaa kutwa nzima.

Kwa nini ubongo wa mmoja ujengeke hivyo na wa nduguye usijengeke? Sehemu kubwa ya jibu ni urithi. Mwaka 2010 kundi la watafiti lililoongozwa na Dennis Drayna wa Marekani, likianzia kwa familia za Pakistan zenye wagugumizi wengi, lilitaja jeni tatu, yaani chembe za urithi, zinazohusika na kazi ya seli kuchakata taka zake. Mwaka 2015 jeni nyingine ilitajwa kutokana na ukoo mkubwa wa Kameruni. Jeni hizo zinaeleza sehemu ndogo tu ya visa vyote, lakini zimetosha kuzika maneno tuliyokua nayo, kwamba ukimwigiza mwenye kigugumizi utakipata. Watoto wengi wa mtaa wetu waliniigiza, na wote leo wanaongea vizuri.

Kigugumizi huanza mara nyingi kati ya miaka miwili na mitano, pale sentensi za mtoto zinapoanza kurefuka. Kiasi cha watoto 5 katika kila 100 hukipitia, na karibu wanne kati ya watano hupona, wengi wao bila tiba yoyote. Wanaobaki nacho ukubwani ni kama mtu 1 katika kila 100, na kati ya hao wanaume ni karibu mara nne ya wanawake. Mkoa wa Mwanza ulihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu karibu milioni 3.7. Hata ukiwaondoa watoto wote, hesabu inakupa zaidi ya watu wazima elfu kumi wanaovuka barabara ili wasikutane na salamu.

Mwamba uliolala chini ya maji

Hofu ni habari nyingine. Kuna kisa kimoja ambacho kwangu ndicho kinachoonyesha mpaka kati yake na kigugumizi.

Mwaka 1939, katika Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, mwalimu Wendell Johnson, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alimsimamia mwanafunzi wake Mary Tudor katika utafiti uliofanywa kwa yatima 22. Johnson aliamini kwamba mtoto anakuwa na kigugumizi kwa sababu wakubwa wamemwambia anacho. Basi watoto sita waliokuwa wanaongea vizuri waliambiwa kwamba wana dalili za kigugumizi, wajichunge, wasiseme kama hawawezi kusema sawasawa. Wanasayansi waliozipitia kumbukumbu hizo miaka mingi baadaye hawakuona kwamba watoto wale walipata kigugumizi cha kweli. Walichopata ni ukimya. Walianza kusitasita, kujibu kwa neno moja, kuona aibu, kukataa kusoma mbele ya wenzao. Chuo kiliomba radhi mwaka 2001.

Kila nikifikiria watoto wale roho inaniuma, kwa sababu nawafahamu. Walipewa hofu bila kigugumizi, na hofu peke yake ikatosha kuwafunga. Mimi nilikuwa na vyote viwili na sikujua kwamba vinatengana.

Hofu hujengwa tabaka kwa tabaka. Mtoto wa miaka mitatu anarudia neno mara nane na anaendelea na habari yake bila kujali. Darasa la pili wenzake wanacheka. Mwalimu anasema "kaa chini, mwingine". Mtoto anagundua kwamba akifumba macho kwa nguvu, au akigonga mguu chini, neno linatoka. Kwa wiki mbili hivi ujanja huo unasaidia, kisha unaacha kusaidia lakini mwili hauuachi, na sasa ana kigugumizi na kufumba macho. Anajifunza kubandika "yaani" na "nanii" mbele ya kila neno gumu. Anajifunza kutopokea simu. Mwishowe anachagua kazi kwa kigezo kimoja tu, kwamba haina maongezi. Mimi nilikuwa mtunza stoo.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Joseph Sheehan, naye akiwa na kigugumizi, alifananisha hali hii na mlima wa barafu baharini: kinachoonekana juu ni kidogo, kikubwa kimezama. Sisi barafu ya namna hiyo hatujaiona, ila miamba tunayo. Simama ufukweni hapa Mwanza utazame Jiwe la Bismarck, lile lililochomoza juu ya maji. Hakuna mvuvi anayeliogopa, maana lipo wazi, analiona na analizunguka. Anachokiogopa ni mwamba uliolala kiwiko kimoja chini ya maji, usioonekana hadi umepasua mtumbwi. Kukwama kwetu kunakosikika ndiyo Bismarck. Aibu, kukwepa, na ule uchovu wa kutafuta maneno mbadala kutwa nzima ndiyo miamba ya chini, na nyakati zote tunashauriwa kuhusu Bismarck: vuta pumzi, ongea taratibu, usiwe na wasiwasi.

Mtu mzima anafanya nini

Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache sana. Wangu tulikutana kwa simu ya video, mara moja kwa wiki, nikiwa nimejifungia stoo baada ya kazi. Nilidhani ni njia ya kubahatisha, lakini watafiti wa Australia walishaipima kwa watu wazima na kuona kwamba inafanya kazi.

Njia zipo za aina mbili kubwa, na nilipitia zote. Ya kwanza inalainisha usemi wote. Unaanza sauti kwa upole, pumzi ikitangulia; midomo inagusana kidogo tu kwenye "b" na "m"; irabu unazirefusha; mwendo unakuwa wa kobe, kisha unaongezwa hatua kwa hatua. Baada ya wiki chache nilikuwa naongea na mtaalamu wangu bila kukwama hata mara moja. Nililia machozi. Kisha nikaenda Mwaloni kugombea gunia, watu wanapiga kelele, na ule ulaini wote ukapotea kwa pumzi moja. Baadaye niliambiwa kwamba kurudi nyuma namna hii ni kawaida kwa watu wazima: kuulinda usemi laini kila dakika ni kazi nzito, na ukikulemea unajiona umeshindwa upya. Wapo wanaofaidika nayo sana, sisemi wasiijaribu. Mimi ilinipa sauti isiyokuwa yangu.

Ya pili inatokana zaidi na kazi ya Charles Van Riper, Mmarekani aliyeishi na kigugumizi maisha yake yote. Yeye hakumtaka mtu aache kukwama. Alimtaka ajifunze kukwama bila kupigana. Chukua neno "Kirumba". Kwanza unaliacha likwame na limalizike, halafu unasimama, unangoja kidogo, unalisema tena kwa ulaini. Ukizoea, unajifunza kujichomoa katikati: umekwama kwenye "k", ulimi umebana juu, husukumi, unalegeza ule mbano taratibu hadi sauti itoke yenyewe. Mwisho unajifunza kuliona neno linakuja na kuliingia ukiwa umeshalegea.

Lakini kabla ya yote hayo kuna zoezi ambalo nililikataa kwa wiki tatu nzima: kukwama kwa makusudi. Nilitumwa niende kwa wauzaji kumi, niulize bei, na kila mara nijikwamishe mwenyewe kwenye neno ambalo lingetoka bila shida. Nilikwenda Makoroboi, kwenye vitenge. "Bei g-g-g-gani?" Wa kwanza alicheka. Wa pili alinimalizia sentensi. Wa tatu, mama wa makamo, aliendelea kukunja kitenge chake akasema, "Sema tu baba, sina haraka." Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni. Kufikia wa saba jasho lilikauka, na kwa wa kumi moyo ulikuwa unapiga kawaida.

Lililotokea pale si muujiza. Kila ninapolikwepa neno, ubongo unaandika kwamba palikuwa na hatari na nimeokoka kwa kukimbia, basi kesho unapiga kengele mapema zaidi. Nikibaki, nikakwama, na baada ya kukwama hakuna lililoanguka, kengele inapungua sauti. Mara moja haitoshi. Inataka mamia ya mara, ukianzia mahali pepesi na kupanda: muuza vocha, kisha konda, kisha simu, kisha kikao cha kazini. Kwangu simu ilichukua karibu mwaka.

Jambo jingine lililonisaidia ni kutangulia kusema. "Nina kigugumizi, nikikwama nisubiri kidogo." Imeonekana katika tafiti kwamba wasikilizaji humpokea vizuri zaidi mtu anayetaja hali yake wazi kuliko anayeanza kwa kuomba samahani. Kwa Kiswahili hili lina ugumu wake, maana sisi samahani ni sehemu ya adabu. Nilijifunza kuitoa kwa mtu kama nimemkosea, na kutoitoa kwa namna nilivyoumbwa.

Mtaani kwetu kuna mzee mmoja niliyemkwepa tangu nina miaka kumi. Siku moja nilimfuata barazani kwake nikasimama mbele yake. "Shi" ilikwama muda mrefu kuliko nilivyowahi kukwama mbele ya mtu. Alitazama uso wangu, akaweka kikombe chini, akangoja. Ilipotoka aliitikia, "Marahaba, mwanangu," halafu akaniuliza habari za mama kana kwamba tuliachana jana.

Bado ninakwama, na anayenisikia leo kwa mara ya kwanza atasema huyu ana kigugumizi, na atakuwa sahihi. Kwa mtu mzima aliyekwama tangu utoto, kigugumizi kuondoka chote ni jambo la nadra, na anayekuahidi hivyo kwa dawa ya chupa anakuibia. Hakuna dawa iliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani kwa ajili ya hali hii. Zile zinazopunguza nguvu ya dopamini, kemikali moja inayopitisha ishara katika ubongo, zimejaribiwa, na madhara yake si madogo. Zamani nilihesabu maneno niliyokwama. Siku hizi nahesabu maneno niliyotaka kusema na sikuyasema, na kuna wiki hesabu hiyo ni sifuri.

Tahadhari moja hapa. Mtu aliyekuwa anaongea vizuri akianza ghafla kukwama ukubwani, hiyo ni habari tofauti kabisa. Inaweza kuwa kiharusi, au jeraha la kichwa baada ya ajali ya bodaboda. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Na kwa anayetusikiliza ombi ni dogo: usitumalizie neno, usitufundishe kupumua, endelea kututazama usoni kama unavyomtazama mtu yeyote.

Binti yangu wa mwisho ana miaka mitatu na nusu. Miezi minne iliyopita alianza kurudiarudia mwanzo wa maneno. Usiku ule mke wangu aliniuliza, "Baba Neema, umesikia?" Nilikuwa nimesikia. Tunajua kwamba watoto wa kike hupona zaidi kuliko wa kiume, na tunajua kwamba mzazi mwenye kigugumizi anaongeza uwezekano wa mtoto kubaki nacho. Kwa walio chini ya miaka sita kuna utaratibu uliobuniwa Australia, uitwao Lidcombe, ambapo mzazi ndiye anayefanya kazi kila siku nyumbani akiongozwa na mtaalamu. Nimeshazungumza na wangu, na kama hali itaendelea au mtoto ataanza kukaza uso tutaanza. Kwa sasa nyumbani hakuna anayemwambia "sema vizuri". Sisi wenyewe tumepunguza mwendo wa kuongea, na kaka zake wamekatazwa kumkatisha.

Juzi nilimpeleka Capri Point, akacheza kwenye mawe ya ufukweni, akarudi anakimbia na mguu mmoja mtupu. "Baba, ma-ma-ma-ma-ma-maji yamechukua ndala yangu." Nilichuchumaa tukawa sawa kimo, nikangoja hadi alipomaliza, halafu nikamuuliza ni ya mguu gani.